Sehemu Ambazo Hazikurushwa

Siku ya tisa tangu mwalimu Lazarus Ekwaro apotee, Inspekta Methuselah Ochom alianza kazi kwa kutia sahihi.

Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi katika kituo cha polisi cha Daraja la Chini, hapo Malaba, ilikuwa siku ya orodha. Kila Ijumaa saa nne asubuhi watu waliokamatwa bila karatasi, wakasemekana ni wa Uganda, walipelekwa darajani na kukabidhiwa polisi wa ng'ambo. Wenzao nao walileta wa kwao, pamoja na baiskeli na ng'ombe walioibwa. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Wakubwa wawili waliokwisha kustaafu ndio walioanzisha, na kufikia mwaka huo wa 1975 hapakuwa na mtu wa kuuliza desturi hiyo ilitoka wapi. Kazi ilikuwa inakwenda, basi.

Koplo Joash aliweka orodha mezani. Ochom hakuisoma. Kama kila wiki, alisoma jina la mwisho tu, kwa kuwa lilikaa juu ya mahali pa sahihi, na hata hilo alilisahau kalamu ilipoinuka.

"Wiki hii ni tisa tu, afande," Joash alisema. "Ile nyingine walikuwa kumi na moja. Wale wa doria ya mtoni walituletea mzigo asubuhi hiyo hiyo."

"Yule mama amekuja?"

"Amekuja? Yule amehamia hapa."

Nanjala, mke wa mwalimu, alikuwa kwenye benchi la nje tangu saa moja. Alikuwa ametembea kutoka Moding kama alivyofanya Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Mkononi alishika leso, na ndani ya leso kulikuwa na kipande cha mumewe, kitambulisho chake. Lazarus aliondoka Jumanne ya wiki iliyopita akiwa amevaa koti la kazi, kipande kikabaki katika koti la kanisani.

"Hakuna kitu, mzee?" aliuliza.

"Nimepitia kitabu cha mahabusu, mama. Nimepitia kitabu cha matukio. Nimetuma mtu hospitali na mochari. Jina la Lazarus Ekwaro halipo popote."

"Sasa ni vizuri ama ni vibaya?"

Ochom alijibu kwa swali lake. "Nyumbani wanasemaje?"

"Wajomba zangu wamekuja. Wanasema tungoje mwezi uishe, halafu tuzike mgomba badala ya mwili, mambo yaishe." Alikunja leso upya. "Kwetu mtu akipotea kabisa ndivyo inafanywa. Lakini mimi nina mtoto wa miaka saba. Nitamwambia hapo chini baba yako amelala, na yeye ameona mgomba ukikatwa nyuma ya choo? Nitafutie mume wangu. Akiwa mzima, nipe. Akiwa maiti, nipe. Mgomba sitaki."

Maneno yalikuwa ya mtu aliyekwisha kulia vya kutosha. Ochom alikaa kando yake akatoa kijitabu.

Aliyoyajua mpaka hapo ni haya. Mwalimu Lazarus alikuwa ameandika mchezo wa televisheni, *Stendi ya Malori*, juu ya madereva wa mpakani na watu wanaowauzia chakula. Sehemu kumi na moja zilirushwa kutoka Nairobi. Kisha wakubwa wa huko walituma barua ya mistari mitatu, mchezo ukafungwa, na Lazarus alikuwa tayari amepanga sehemu nyingine kumi na tatu.

"Na aliendelea kuandika?" Ochom aliuliza. "Mchezo ambao umefungwa?"

"Kila siku. Nilimwambia, Laz, nani atalipia hiyo? Akasema hao wamefunga televisheni, hawajafunga watu. Yule dereva bado yuko njiani, yule mama wa chai bado ameweka maji motoni. Alikuwa anawaonea huruma, mzee. Mimi nikamwona mjinga, nikamwambia."

"Alikuwa na adui?"

Nanjala aliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye jengo lenye mlingoti mrefu kuliko mnara wa kanisa. "Muulize Ojwang. Alisema atamvunja mkono ule wa kuandika."

*

Mlingoti ule ulishika mawimbi ya televisheni ya pekee mtaa mzima, na televisheni hiyo ilikaa ndani ya hoteli ya mzee Ojwang, imefunikwa kitambaa cha mezani. Ojwang aliuza chai mbele na chumvi na sabuni nyuma. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi, na alianza kujitetea kabla Ochom hajakaa.

"Nilisema nitamvunja mkono, ndio. Nani hakusikia? Mtu anaandika kuna mzee anaitwa Tumbo, anavusha sabuni chini ya makaa. Halafu mtu anaangalia hiyo kitu kwa hoteli yangu, ananiangalia mimi, anacheka!"

"Wewe huvushi sabuni chini ya makaa?"

"Inspekta, tuongee habari ya mwalimu."

"Jumanne mlipigana."

"Tuligombana. Kupigana ni kitu ingine." Ojwang alipangusa shingo. "Sikia. Mchezo ulipofungwa, watu walikuja hapa Jumatano kama kawaida, wakakuta kwa televisheni watu wanasoma habari za mbolea. Wakanung'unika. Mwalimu akasimama mbele ya televisheni, akaizima, akawasimulia ile sehemu ya kumi na mbili kwa mdomo. Sauti zote yeye. Dereva yeye, mama wa chai yeye, mimi yeye. Wiki iliyofuata walijaa mpaka dirishani. Tumbo akawa mtu mkubwa! Watoto wananiita Tumbo, nanyamaza tu, nafurahi."

"Sasa ugomvi ulitoka wapi?"

"Alitaka kuniua."

Ochom aliinua kichwa.

"Sehemu ya kumi na nne," Ojwang alisema, na kweli sauti ilimtetemeka. "Tumbo anagongwa na lori lake mwenyewe. Nikamwambia, we mwalimu, unakunywa chai yangu bure miezi minne halafu unaniua? Thubutu! Hapo ndipo watu wakasikia kelele."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema atafikiria kunivunja mguu tu. Halafu akasema hiyo si shida yake. Shida yake ni sehemu ya kumi na tano. Yule dereva anavuka kwenda ng'ambo, na yeye hajui atamrudishaje. Akasema anataka kuangalia wanaorudi, siku mbili tatu, wanapita wapi, wanaficha nini. Nikamwambia aende mtoni chini kidogo, wachuuzi hupita huko. Mimi mwenyewe nilimwonyesha." Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Inspekta, nilifanya vibaya?"

Ochom alimwuliza alikuwa wapi Jumanne jioni mpaka Jumamosi. Matangani, Bondo. Alitaja waliolala naye chumba kimoja, katekista na mkwewe. Katekista alipatikana mlango wa tatu akishona viatu, na alikumbuka mkoromo wa Ojwang kwa uchungu wa mtu ambaye hakulala siku nne. Mshukiwa pekee alikuwa ametoka mashakani, na hata saa sita haijafika.

"Kuna mwanamke Burumba," Ojwang alimwitia kutoka mlangoni. "Syprose Atyang, yule wa chai. Karatasi za mwalimu ziko kwake."

*

Ochom aliendesha Landrova mpaka Busia akamkuta Atyang nyuma ya nyumba ya kupanga pale Burumba, anaanika omena juu ya gunia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye macho ya kuchekesha ambayo hayakuwa yanacheka.

"Karibu, afande. Chai sina," alisema. "Nasema mapema, kwa sababu kila mtu huniuliza."

Katika *Stendi ya Malori* Atyang aliigiza mama wa chai, na alikuwa na maneno matano tu kila sehemu. Alimwaga chai, akamwambia dereva deni lake linamngoja, akatoka. Lakini barua za watazamaji zilimtaja yeye kuliko dereva mwenyewe. Kwa hiyo Lazarus alimpangia mchezo wake peke yake, *Kibanda cha Mama Chai*, utakaochipuka kutoka ule wa kwanza.

"Nairobi walikubali?"

"Waliandika kwamba tuanze Aprili. Nilikuwa napiga taipu ofisini hapa mjini, mshahara kila mwezi. Nikaacha kazi Machi. Barua ya kufunga ilikuja wiki mbili baadaye." Alitupa jiwe kwa kuku aliyesogelea omena. "Usinihurumie, wengi wamefanya hivyo, na sura ya huruma haikupendezi."

"Mama Chai angefanya nini humo?"

Hapo Atyang alisahau omena. Alisema Mama Chai angenunua lori bovu na kulitengeneza sehemu sita nzima. Angegombea udiwani dhidi ya mzee Tumbo. Angempenda karani wa forodha mwenye kigugumizi, na watu wangengoja wiki tatu karani amalize sentensi moja ya kumwomba uchumba. Alisema yote hayo mikono ikimwaga chai isiyokuwepo, na Ochom, mtu asiyependa michezo, alijikuta anataka kujua kama karani alimaliza.

"Alimaliza?"

"Hatukufika," alisema Atyang, akaingia ndani.

Alitoka na nakala za kaboni zilizofungwa kwa nailoni. Yeye ndiye aliyempigia taipu mwalimu, kutoka daftari jekundu ambalo Lazarus hakuliacha hata akienda kuoga. Ochom alisoma akiwa amesimama. Karatasi ya kwanza haikuwa hadithi. Ilikuwa kama fomu.

JINA: Yona Okiring. UMRI: Miaka 34. KUZALIWA: Tororo, Uganda. KAZI: Dereva. KIPANDE: Hana. NIA: Kuvuka Malaba na kumuua kapteni aliyemchukua ndugu yake.

"Hii ni nini?"

"Si ni Yona! Yule dereva. Mwalimu alikuwa hawezi kumwandika mtu mpaka amtengenezee kwanza karatasi yake, kama ya polisi. Hata mimi nina yangu. Alisema mtu asiyejulikana amezaliwa wapi hawezi kusimama."

"Na hii ilikuwa kwenye daftari?"

"Ukurasa wa kwanza kabisa."

"Jina lake mwenyewe liliandikwa wapi? Kwenye jalada?"

"Hakuliandika. Nilimuuliza, akasema humo ndani yeye hayuko."

Ochom alifunua mpaka karatasi ya mwisho. Ilikuwa na mistari miwili. *Sehemu ya kumi na tano. Yona anavuka.* Chini yake: *Anarudi?* Kisha weupe mtupu mpaka chini.

Atyang alikuwa anamwangalia usoni. "Afande. Umejua kitu."

"Nipe hizi."

"Utazirudisha?"

"Nitazirudisha."

Alizirudisha kweli, miezi mingi baadaye, na kufikia hapo hakuna aliyezihitaji.

*

Faili la makabidhiano lilikuwa katika kabati la chini, nyuma ya kopo la wino. Ochom alilifungua penye Ijumaa iliyopita na kidole kikaenda moja kwa moja chini, kwenye jina la mwisho, lile alilolisoma na kulisahau.

*11. Yona Okiring, 34, Tororo, dereva. Hana kipande. Amekamatwa mtoni akiandika mapito ya watu. Amekutwa na daftari jekundu la mipango, limeambatanishwa.*

Chini ya jina hilo, wino ukiwa umegusa herufi ya mwisho, palikuwa na sahihi: M. Ochom.

Akamwita Joash, akafunga mlango.

"Namba kumi na moja. Nani alimwandika?"

"Mimi, afande. Nilinakili kutoka daftari yake."

"Hukumuuliza jina?"

"Nilimuuliza. Alikataa lile la daftari. Alisema Yona ni mtu wa televisheni." Joash alijaribu kutabasamu, akaacha. "Tulicheka sana, afande. Kila Ijumaa kuna mmoja anasema yeye si yeye."

"Alisema yeye ni nani?"

"Mwalimu. Lakini mwezi uliopita mmoja alisema ni askofu!"

"Alisema mwalimu wa wapi?"

"Moding."

Chumba kilikuwa na joto. Ochom alifungua kifungo cha shingo.

"Mke wake amekaa kwenye benchi langu siku nne, Joash. Jumatatu alisimama hapo akasema anamtafuta mwalimu wa Moding. Hukukumbuka?"

Joash aliangalia viatu vyake. "Jumatatu sikukumbuka. Nilikumbuka Jumanne."

"Na ukanyamaza."

"Sahihi ni yako, afande."

"Alipokuwa hapa, hakuomba kuniona?"

"Aliomba mkubwa. Nikamwonyesha sahihi, nikamwambia mkubwa amekwisha amua." Koplo alianza kulia bila sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili. "Sasa nifanye nini?"

Ochom alimwambia atoke. Alichukua orodha ya kesho, ile aliyoitia sahihi asubuhi, akaipasua vipande vinne. Alijua haimsaidii Lazarus hata kidogo. Kisha akatoka nje kwa Nanjala, akamwambia neno moja tu, kwa sababu mengine yalimshinda.

"Kesho njoo darajani saa nne. Lete kipande."

Uso wa mama yule ulifunguka. Ochom aligeuka haraka, kwa aibu ya kuuona.

*

Ijumaa hakupeleka mtu hata mmoja. Alivuka daraja peke yake, kipande cha Lazarus na orodha ya wiki ile mfukoni, na nakala za Atyang chini ya kwapa kuwa ushahidi. Nyuma yake, upande wa Kenya, Nanjala alisimama kwenye kizuizi. Alikuwa amevaa nguo ya Jumapili. Kwenye mkono alibeba koti la kanisani la mumewe, avae akirudi.

Sajini wa ng'ambo alikuwa mtu aliyezoeana naye, mpole, mwenye jino la mbele lililovunjika.

"Afande Ochom! Leo mikono mitupu? Watu wako wapi?"

"Nimekuja kuomba mmoja arudi. Namba kumi na moja ya wiki ile. Yona Okiring."

"Yule wa *televisheni*? Banange!" Sajini alichangamka, halafu uchangamfu ukamtoka kidogo kidogo.

"Si Yona. Ni mwalimu, Mkenya. Kipande hiki hapa. Daftari ni la mchezo, hizi hapa nakala. Sahihi yangu ilikosea. Nitaandika barua yoyote mnayotaka."

Sajini alishika kipande akakitazama muda mrefu, akilinganisha picha na mtu aliyemkumbuka. "Ni yeye," alisema. "Alituambia hivyo hivyo. Mimi nilimwamini, afande. Usiku wa kwanza alitusimulia ile ya lori na ile ya mama wa chai, Jumamosi akaendelea. Walinzi wangu walimpa chapati. Tulikuwa tunasema Jumatatu nimwandikie mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Jumapili asubuhi gari la Kampala lilikuja kuchukua daftari. Mimi niliwaambia chukueni daftari, mtu ni mwalimu tu. Wakasoma ukurasa wa kwanza." Alimrudishia kipande kwa mikono miwili. "Hawakufika naye hata Tororo. Usiniulize mahali, afande. Mahali pale hapaulizwi."

"Nataka mwili."

"Hakuna mwili."

Lori lilipita kati yao na reli, likapiga honi. Sajini alisogea karibu, akapunguza sauti.

"Walinzi wangu wameniomba nikuulize, kama unajua. Gari lilikuja amefika pale Yona anavuka. Alirudi?"

Ochom alirudi kwa miguu. Daraja lile ni fupi, mtu hamalizi hata sigara. Nanjala alimwona yuko peke yake tangu katikati, lakini hakusogea, na koti hakulishusha.

Alimwambia yote. Alianza na ukurasa wa kwanza wa daftari akamaliza na gari la Jumapili, na hakuruka kitu.

"Nani alitia sahihi?" Nanjala aliuliza.

"Mimi."

"Ulisoma?"

"Sikusoma."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Hakumpiga, ingawa Ochom alikuwa ameshusha mikono apigwe. Aliomba aione hiyo karatasi. Ochom aliitoa mfukoni, akaikunjua juu ya boneti ya Landrova, na mama yule akafuata mistari kwa kidole mpaka chini kabisa.

"Futa," alisema.

"Mama, hiyo ni rekodi, hairuhusiwi…"

"Yona hana mke. Yona hana mtoto wa miaka saba. Mlimwua Yona, sasa mimi nizike nani?" Sauti ilimpasuka hapo, kwa mara ya kwanza katika siku tano. "Futa hiyo jina. Andika Lazarus."

Ochom alitoa kalamu. Alikata mstari juu ya jina la dereva, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa, *Lazarus Ekwaro, mwalimu, Moding*, akinakili kutoka kwenye kipande herufi moja moja. Sahihi yake ilibaki palepale chini.

Nanjala alingoja wino ukauke. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akalifunga koti vifungo vyote. Alilipakata kwa mikono miwili, akashika njia ya Moding kwenda kuzika.